Makazi Bila Kazi: Hisani, Haki na Kijiji cha New Lanark

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofanana sura ilhali hayatoki katika shina moja: kazi na makazi. Anayeyatazama juu juu atadhani kwamba la pili limezaliwa na la kwanza, kwamba makazi ni pale mtu alipopata kazi. Sivyo. Makazi, au makaazi kama wapendavyo kutamka wengi wetu visiwani, yanatokana na kukaa: kutulia, kudumu mahali, kuwa na pa kurejea jua linapokuchwa. Kazi ni jambo jingine. Mtu huenda kazini, kisha hurudi makazini.

Hata hivyo, mfanano huo wa sauti unagusa jambo zito. Katika karne mbili na nusu zilizopita dunia imejenga miji mingi ambamo mambo hayo mawili yalifungwa fundo moja: mwenye kazi alipewa nyumba, na aliyeachishwa kazi alitolewa nyumbani siku ile ile. Leo, katika nchi zile zile zilizolifunga fundo hilo, fundo limefunguka. Viwanda vimekufa na nyumba zimebaki. Watu wanakaa mahali palipojengwa kwa ajili ya kazi ambayo haipo tena. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo makala haya yanataka kulitafakari: nyumba aliyojengewa mtu na mwenye mali, kwa hisani ya mwenye mali, je, yaweza kuwa nyumba yake kwa dhati? Na hisani hiyo ikishaondoka pamoja na mtoaji wake, ni nini kinachobaki kwa mkaazi?

Kuna pia neno mji. Wazee wetu wanalitumia kwa mji tuujuao, wa nyumba na njia na misikiti na masoko. Na wanalitumia kwa mji wa mimba, pale mwana anapoumbwa kabla ya kuiona dunia. Haidhuru kama maneno hayo ni ndugu au ni majina mawili tu yaliyokutana. Mkutano wenyewe una funzo. Mji ni kitu kinachoumba. Anayekaa ndani yake hutoka na sura yake.

Katika historia ya viwanda, mtu aliyeliamini jambo hili kuliko wengi alikuwa Robert Owen, mzaliwa wa Newtown huko Wales mwaka 1771. Mahali alipolijaribia panaitwa New Lanark, kijiji kidogo kilicho kusini mwa Uskoti, ndani ya bonde lenye kina ambamo mto Clyde unaporomoka kwa vishindo. Hapo ndipo tutakapopita, ndugu msomaji, kwani kijiji hicho kimepitia hatua zote: kwanza kiwanda, kisha kiwanda na mafundisho, kisha ukimya, na sasa makazi.

Aliyekianzisha ni David Dale, mfanyabiashara wa Glasgow, akishirikiana mwanzoni na Richard Arkwright, Mwingereza ambaye mashine zake za kusokota nyuzi zilikuwa zikigeuza mambo ya dunia. Ujenzi ulianza mwaka 1785 na usokotaji wa pamba mwaka 1786. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya maji. Mto ulizungusha magurudumu, magurudumu yakazungusha mashine, na mashine zikahitaji mikono. Lakini bondeni hapakuwa na watu. Kwa hiyo watu walipaswa kuletwa, na walioletwa walipaswa kujengewa nyumba. Wakaja watu wa nyanda za juu za Uskoti waliokosa ardhi, wakaja na watoto mayatima na mafukara kutoka Glasgow na Edinburgh, mamia kwa mamia, kwa sababu vidole vidogo vilifaa kuunga nyuzi zilizokatika. Dale alihesabiwa kuwa mtu mwema kwa vipimo vya zama zake. Aliwalisha watoto hao, akawavisha, akawawekea walimu. Lakini walisoma jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama mbele ya mashine.

Owen alimwoa Caroline, binti wa Dale, mwaka 1799, na pamoja na washirika wake akakinunua kijiji kwa pauni 60,000. Mwanzoni mwa mwaka 1800 akashika usimamizi. Katika miaka yake kijiji kilikuwa na watu wapatao elfu mbili na zaidi, wakiishi katika safu za nyumba za mawe ambamo aghalabu familia nzima ilikaa chumba kimoja. Aliyoyafanya yamesimuliwa sana. Alikataza kuajiri watoto walio chini ya umri wa miaka kumi. Alipunguza saa za kazi hata zikawa chini ya 11 kwa siku, wakati viwanda vingine vilipitisha 13. Alifungua duka lililonunua vitu kwa jumla na kuviuza kwa bei nafuu, na faida yake ikaendesha skuli. Aliongeza vyumba na akaamuru taka ziondolewe njiani. Marekani ilipozuia bidhaa zake kusafirishwa, kati ya miaka ya 1806 na 1808, na pamba ikapanda bei hata mashine zikasimama kwa miezi minne, aliendelea kuwalipa wafanyakazi mishahara yao kamili kwa kutunza tu mashine. Gharama yake ilizidi pauni 7,000. Tarehe 1 Januari 1816 akafungua jumba alilolipa jina la taasisi ya kuunda tabia, na ndani yake watoto wadogo, tangu wanapoanza kutembea, walifundishwa kwa nyimbo, ngoma, picha na ramani kubwa, bila ya fimbo.

Msingi wa yote hayo ulikuwa ni fikra moja ambayo Owen aliiandika na kuirudia hata wasikilizaji wake wakachoka: kwamba mtu haiumbi tabia yake mwenyewe, bali huumbiwa. Anayezaliwa katika ufukara, uchafu na ulevi atakuwa mlevi. Si kwa kuwa ameamua, ni kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kumuumba. Basi badala ya kumlaumu mwizi, mbadilishie mazingira. Badala ya kumpiga mtoto, mbadilishie chumba.

Kwetu sisi fikra hii si ngeni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; wakasema pia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tena ina rehema ndani yake. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhukumu mwenye njaa, na kwa aliyelala penye feni kumshangaa anayegombana na jirani yake katika chumba kimoja chenye watu wanane. Owen aliwataka matajiri wenzake waone kwamba wema wao haukuwa sifa yao, ulikuwa bahati yao. Kwa hilo pekee anastahiki heshima.

Lakini fikra hiyo ina ufa, na ufa wenyewe unaonekana kwenye kipande cha mti. Owen alimwekea kila mfanyakazi, karibu na mahali pake pa kazi, kigogo kidogo chenye pande nne zilizopakwa rangi. Upande mweusi ulimaanisha kuwa mwenendo wake wa jana ulikuwa mbaya; wa buluu, kuwa ulikuwa wa hivi hivi; wa njano, mzuri; na mweupe, bora kabisa. Kila siku msimamizi aligeuza kigogo, na matokeo yakaandikwa kitabuni. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Owen alikiita mnyapara asiyesema, na alijivunia kwamba miaka ilivyopita rangi nyeusi zilipungua na nyeupe zikaongezeka. Majumbani nako walitumwa watu kukagua usafi, jambo ambalo wanawake wa kijiji walilichukia. Yasemekana waliwapachika wakaguzi hao jina la wawinda kunguni.

Hebu tulitazame jambo hili kwa insafu. Kigogo cha rangi ni bora kuliko mjeledi. Hilo halina mjadala. Lakini nani alikuwa na haki ya kukigeuza? Msimamizi alimgeuzia msokotaji. Nani alimgeuzia msimamizi? Na Owen mwenyewe, ambaye kwa hoja yake tabia yake nayo iliumbwa na wengine, alipata wapi jicho lililo safi kuliko ya wengine hata akajua weupe ni upi na weusi ni upi? Anayesema kuwa watu wote ni udongo mikononi mwa mazingira, kisha akajiteua kuwa mfinyanzi, amejitoa yeye peke yake katika kanuni aliyoitungia dunia nzima. Hakuna mfinyanzi asiye udongo.

Jambo la kustaajabisha, na linaloonyesha ukubwa wa nafsi yake, ni kwamba Owen aliliona hili kwa sehemu. Alipotazama nyuma alikiri kwamba watu wake wa New Lanark, pamoja na yote aliyowatendea, walikuwa bado mithili ya watumwa waliotegemea huruma yake. Hakuna mpinzani wake aliyewahi kumwambia neno kali zaidi. Hisani ina tabia hii: hata ikiwa kubwa namna gani, humwacha anayeipokea akitazama uso wa mtoaji kila asubuhi ili ajue kama kumekucha salama. Haki haina haja ya kutazama uso wa mtu.

Na uso huo uliondoka. Owen aligombana na washirika wake, baadhi yao wakichukizwa na ngoma na nyimbo za skuli na hata mavazi ya watoto. Macho yake yalikwisha kuelekea kwingine. Mwaka 1825 alikinunua kijiji kizima huko Indiana, Marekani, akakiita New Harmony, akitaraji kujenga humo jamii mpya isiyo na umaskini wala ugomvi. Haikutimia miaka mitatu ikavunjika. New Lanark ikaenda kwa wamiliki wengine, na baadaye, mwaka 1881, kwa watengenezaji wa kamba na nyavu, ambao kwa takriban miaka 90 waliitumia kwa nyavu za wavuvi na maturubali. Watu wa kijiji hawakuulizwa. Walikuwa wamepewa skuli, duka, bustani na mshahara wa miezi minne bila kazi. Hawakuwa wamepewa kauli. Wema wa Owen ulipohama, wao hawakuwa na hati yoyote ya kuudai.

Hapa yupo atakayenijibu, na jibu lake ni la haki. Atasema: wewe unaketi ukipima tofauti ya hisani na haki, lakini mtoto wa miaka minane aliyetolewa kwenye mashine akapelekwa skuli hakuwa na nafasi ya kupima. Katika viwanda vya Manchester wenzake walikuwa wakivunjika miguu. Angesubiri haki, angeikuta keshazeeka. Bora hisani ya leo.

Nalikubali jibu hili kwa nusu. Aliyezama humshika mkono yeyote aliyenyoosha, bila ya kumwuliza nasaba yake. Hisani isidharauliwe, wahenga wetu walisema hisani haiozi. Ila lazima tutazame ni ipi kati ya kazi za Owen iliyodumu. Kigogo cha rangi kimebaki katika kabati la makumbusho. Lakini fikra ya kwamba mtoto mdogo asifanye kazi kiwandani iliingia katika sheria, kwa udhaifu mwaka 1819 na kwa nguvu zaidi miaka iliyofuata, na ikaacha kutegemea moyo wa tajiri. Duka la kijiji nalo, ambalo yeye alikuwa bwana wake, wafumaji wa Rochdale waliligeuza mwaka 1844: wakafungua duka lao wenyewe, kwa senti zao wenyewe, kila mwanachama na kura moja. Kutokana na hilo ukaenea ushirika duniani, hata huku kwetu. Hisani ya Owen haikuoza pale ilipochukuliwa na mikono ya watu wenyewe ikafanywa haki. Ilipobaki mikononi mwake peke yake, iliondoka naye.

Kuna na ufa wa pili, na huu unatugusa sisi wa bahari ya Hindi kwa karibu zaidi. Pamba haimei Uskoti. Ililetwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi na kusini mwa Marekani, ikiwa imelimwa na kuchumwa na watumwa wenye asili ya bara letu. David Dale alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Glasgow kilichopinga biashara ya watumwa, na hapana sababu ya kutilia shaka moyo wake; lakini asubuhi ya siku ya pili yake magunia ya pamba ile ile yalifunguliwa kiwandani mwake. Mtoto yatima wa Glasgow aliunga uzi uliokatika, na uzi wenyewe ulikuwa umeanza safari yake katika mkono wa mtoto mwingine aliyeuzwa. Wote wawili hawakujuana. Mmoja alijengewa skuli, mwingine hakuhesabiwa.

Tusikimbilie kuwanyooshea kidole. Katika miaka ya 1830, baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za Salem zilianza kumwaga Unguja kitambaa kigumu ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Nacho kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya mashamba ya watumwa. Kilivaliwa huku, kikapelekwa bara kama fedha, na miongoni mwa vilivyonunuliwa kwacho walikuwamo watu. Wengine wao waliletwa kuchuma karafuu katika mashamba ya visiwa hivi hivi, ambako hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Basi kitambaa kimoja kilikuwa na jasho la mtumwa katika uzi wake, na mtumwa mwingine katika bei yake. Bwana wa shamba la karafuu naye aghalabu alijiona mtu wa hisani: alimwachia mtumwa siku zake mbili za kulima mwenyewe, akamsimamia harusi, akamzika. Jicho la hisani huona mpaka pale uzio unapoishia. Haki ndiyo inayolazimika kuvuka uzio, kwa sababu haiulizi kama namjua au simjui.

Turudi bondeni. Mwaka 1968 mashine za New Lanark zilizimwa. Kiwanda kilichosokota kwa zaidi ya miaka 180 kikanyamaza, na wakaazi wengi wakahama. Majengo yakaangukia kwa kampuni ya kushughulikia vyuma chakavu. Ikaonekana kwamba safu za nyumba zitabomoka, au zitabomolewa. Tayari mwaka 1963 kilikuwa kimeundwa chama cha nyumba kilichoanza kutengeneza baadhi yake, na katikati ya miaka ya 1970 ukaundwa mfuko wa hifadhi ulioshika kijiji kizima. Kazi ilichukua miongo. Kiwanda kimoja kikageuzwa hoteli mwaka 1998, kingine kikawa makumbusho, na maji ya Clyde yakaanza tena kuzungusha chuma ili kutoa umeme. Nyumba za wafanyakazi zikaunganishwa, chumba na chumba, zikatiwa majiko na mabafu. Nyingine zikapangishwa, nyingine zikauzwa kwa watu binafsi. Mwaka 2001 Unesco ikakiorodhesha kijiji hicho katika urithi wa dunia. Wanaokaa humo sasa ni wachache, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya wale wa zama za Owen au pungufu, na hawasokoti chochote. Wengi asubuhi hupanda mlima kwenda kazi zao kwingine.

Ni ushindi, na usifiwe. Mahali palipokuwa pa kufa pamekuwa pa kulelea watoto. Lakini anayepapenda mahali hapana budi aulize pia bei ya uzuri wake. Katika New Lanark ya leo haziruhusiwi antena wala madishi ya televisheni kuonekana juu ya mapaa. Waya zote zimefukiwa ardhini. Milango na madirisha lazima yawe ya namna moja. Na mbao zote za nje hupakwa rangi moja, nyeupe. Zamani palikuwa hata na katazo la kufuga mbwa. Nyeupe, kumbuka, ndiyo iliyokuwa rangi ya mwenendo bora katika kigogo cha Owen. Sisemi kwamba waliochagua rangi hiyo walikusudia ukumbusho huo. Nasema kwamba mnyapara asiyesema hakuondoka kabisa, amebadilisha kazi. Zamani alimtazama mfanyakazi kwa niaba ya mwenye kiwanda. Leo anamtazama mkaazi kwa niaba ya mgeni na ya historia.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Mkaazi wa leo aweza kuhama bila kufa njaa. Aweza kusimama mkutanoni, akapiga kura, akaishitaki kamati. Lakini swali la asili bado linamkabili: nyumba ambayo huwezi kuipaka rangi uitakayo, ni yako kwa kiasi gani? Na kwa upande wa pili: nyumba iliyojengwa na mikono ya watoto mayatima na kulipiwa na pamba ya watumwa, una haki gani ya kuifanya upendavyo, kana kwamba hapajawa na mtu kabla yako?

Msomaji wa Unguja halihitaji swali hili kufasiriwa. Mji Mkongwe wetu uliingia katika orodha ile ile mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya New Lanark, na tangu 1985 tuna mamlaka ya kuuhifadhi. Nyumba za wafanyabiashara zilizokuwa na baraza zilizojaa wazee zimegeuka hoteli. Mlango wa nakshi hupigwa picha na asiyejua nani aliuchonga. Ng'ambo, kwa upande mwingine, tuna majumba ya maendeleo ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa mchango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nayo yalibeba imani ya Owen ndani ya saruji yake: mpe mtu nyumba mpya, utapata mtu mpya. Familia nyingi zilipata maji na umeme ambao hazikuwahi kuuota, na hapana anayepaswa kulibeza hilo. Lakini familia hizo hizo ziliibeba baraza yao mpaka ghorofani, zikapika ngazini, zikafanya biashara chini ya jengo mahali ambapo ramani haikuonyesha duka. Mjenzi aliumba nyumba. Wakaazi wakaiumba upya. Na hapo, nadhani, ndipo penye jawabu.

Ni kweli kwamba nyumba humuumba mtu. Owen hakukosea hapo. Alilolisahau ni kwamba mtu naye huiumba nyumba, na kwamba sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoipa ya kwanza heshima yake. Mtoto ndani ya mji wa mimba huumbwa bila ya kuulizwa. Lakini akishazaliwa, mji wa pili atakaokaa hauna budi kumwuliza. Kumkusudia mtu mema bila ya kumwuliza ni kumrudisha tumboni. Nyumba huwa ya mtu pale mkono wake unapoacha alama juu yake bila ya kuomba radhi.

Kwa hiyo wakaazi wa mahali pa namna hii, wa Uskoti na wa kwetu, wana deni la pande mbili. La kwanza ni la kumbukumbu: kujua nani alijenga, nani alisokota, nani alichuma pamba ng'ambo ya bahari, na kulisema hilo mbele ya wageni bila ya kulipamba. La pili ni zito zaidi, kwa sababu kibao cha maelezo ukutani hakitoshi kulilipa: ni kuhakikisha kwamba nyumba zilizojengwa kwa ajili ya mafukara haziwi za matajiri peke yao kwa sababu tu zimekuwa nzuri. Mafukara wa New Lanark walizijaza nyumba zile zilipokuwa na kunguni. Kama watoto wa aina yao hawawezi tena kukaa humo zilipokuwa safi, basi tumehifadhi mawe na kuwafukuza watu kwa mara ya pili, safari hii kwa adabu.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Kipimo cha mji uliohifadhiwa ni hicho. Tusihesabu ni wangapi waliosimama nje kuusifu mlango. Tuulize nani anaruhusiwa kuufungua, nani anakaa ndani, na akikaa humo, kama anaogopa kesho kugeuziwa upande mweusi.